Namba ya Jeraha: Soma Karatasi Yako Ukijikata Mkono

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Basi siku ukitoka hospitali umefungwa bendeji mkononi, usiikunje tu ile karatasi na kuitia mfukoni. Isome. Pengine utakuta imeandikwa hivi: S61.0. Hiyo si bei ya dawa, wala si namba ya foleni. Ni namba ya jeraha lako. Wataalamu huiita msimbo. Sisi hapa tutaiita namba tu, tupate kuelewana.

Wengine watauliza: jeraha linataka namba ya nini? Mtu kajikata, ashonwe, apewe dawa, aende zake. Swali hilo ni zuri.

Fikiri hivi. Watu watatu wamejikata kidole kwa kisu, katika vijiji vitatu. Mganga wa kwanza anaandika "kukatwa kidole". Wa pili anaandika "jeraha la shahada". Wa tatu anaandika "kajikata jikoni". Mwisho wa mwezi karatasi zinafika wilayani. Anayehesabu atajuaje kwamba mambo hayo matatu ni jambo moja? Na kama karatasi zinatoka nchi mbalimbali, kila nchi na lugha yake, kazi inazidi kuwa ngumu.

Tatizo hilo liliwasumbua watu wa zamani pia. Mwaka 1893 Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, alipeleka orodha ya sababu za vifo kwenye mkutano wa wanatakwimu huko Chicago, Marekani. Alitaka nchi zote zihesabu kwa orodha moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua kazi hiyo. Tangu hapo orodha ikahesabu pia magonjwa na majeraha ya watu walio hai, maana zamani ilihesabu maiti tu. Orodha imechapwa upya mara nyingi. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1994. Ndilo tunalolieleza hapa. Toleo la 11 lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022, na nchi zinahamia huko kidogo kidogo. Katika toleo hilo namba za majeraha huanza na herufi N. Kwa hiyo ukiona N mahali pa S, usishtuke.

Zahanati ndogo huenda isikuandikie namba. Itaandika maneno tu. Lakini ukipelekwa hospitali kubwa, au ukitibiwa kwa bima, maneno hayo hugeuzwa kuwa namba. Na maneno hayo yalitoka wapi? Yalitoka kinywani mwako. Hapo ndipo penye habari yetu ya leo.

KUISOMA NAMBA

Haya, tuisome pole pole, kama tulivyosoma silabi darasani.

Herufi S ni ya majeraha ya sehemu moja moja ya mwili. Tarakimu inayofuata inasema ni sehemu gani. Kitabu kinakwenda kama mtu anayeoga: kinaanza kichwani na kuishia miguuni. Sifuri ni kichwa. Moja ni shingo. Mbili ni kifua. Tatu ni tumbo na kiuno. Nne ni bega na mkono wa juu. Tano ni kiwiko na kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo. Sita ni kifundo cha mkono, kiganja na vidole. Saba ni nyonga na paja. Nane ni goti na muundi. Tisa ni kifundo cha mguu na wayo.

Tarakimu ya pili inasema umeumiaje. Kwa mikono na miguu utaratibu wake ni mmoja. Sifuri ni mchubuko, ngozi ya juu tu. Moja ni jeraha la wazi, yaani ngozi imepasuka. Mbili ni mfupa kuvunjika. Tatu ni kiungo kuteguka. Nne, tano na sita tutazieleza baadaye, maana zina maneno mengi. Saba ni kupondwa. Nane ni kukatika kabisa, kidole kimeanguka chini.

Basi S61 ni nini? Sita: kifundo, kiganja na vidole. Moja: jeraha la wazi. Sasa jaribu mwenyewe. S81 ni nini? Nane ni goti na muundi, moja ni jeraha la wazi. Na S62? Umepata: mfupa umevunjika kwenye kifundo, kiganja au kidole.

Baada ya nukta kuna tarakimu moja tena. S61.0 ni jeraha la kidole, ukucha haukuumia. S61.1 ni la kidole, na ukucha umeumia. S61.7 ni majeraha mengi pamoja. S61.8 ni sehemu nyingine, kama kiganja. S61.9 ni ya nani? Hiyo ni ya mtu ambaye haikuelezwa ameumia wapi hasa. Mganga anajua tu kwamba ni huko chini mkononi. Hakuambiwa, au aliona akasahau kuandika, maana foleni ilikuwa ndefu. Tisa ya mwisho karibu kila mara ina maana hiyo: haikuelezwa.

MKONO NI UPI?

Sasa tunafika kwenye ugumu, na ugumu huo uko katika Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tukisema "mkono" tunaanzia begani mpaka ncha za vidole. Yote mkono. Kitabu kinaukata mkono huo vipande vitatu. Jeraha la wazi karibu na bega ni S41. La kigasha ni S51. La kiganja au kidole ni S61. Mtu akisema "nimejikata mkono" na mganga akaandika hivyo hivyo, mwenye kuweka namba huko mbele atafanya nini? Atabahatisha.

Na "kidole" je? Kidole cha mkono na kidole cha mguu kwetu ni vidole vyote. Katika kitabu kimoja kiko S61, kingine kiko S91. Mkulima aliyejikata kidole cha mguu kwa jembe anaweza kuhesabiwa mkononi kwa neno moja lililosahauliwa.

Lugha yetu haina upungufu. Tuna bega, kiwiko, kigasha, kifundo na kiganja. Tuna gumba, shahada, kidole cha kati, cha pete na cha mwisho. Tatizo ni kwamba tukiwa na maumivu tunatumia neno lililo karibu.

Tena namba ya Shirika la Afya haisemi kulia wala kushoto. Wamarekani waliona hiyo haitoshi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015 hospitali zao hutumia namba ndefu zaidi. Kwao S61.210A ni mkato wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukucha haukuumia, hakuna kitu kilichobaki ndani ya jeraha, na mgonjwa bado yuko katika matibabu ya mwanzo. Yote hayo katika namba moja! Kwetu, kulia na kushoto vitabaki katika maneno. Basi yataje.

NENO MSHIPA

Neno hili ndilo linalowaponza watu kuliko mengine yote.

Damu ikiruka tunasema mshipa umekatika. Kidole kikifa ganzi tunasema mshipa umekatika. Kidole kikikataa kukunja, tunasema mshipa vile vile. Lakini hivyo ni vitu vitatu, na kitabu kina namba tatu. S64 ni neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari za maumivu, joto na baridi, na amri za kutikisa misuli. S65 ni mishipa ya damu. S66 ni misuli na kano. Kano ni zile kamba nyeupe ngumu zinazovuta vidole. Ukichinja kuku, vuta kamba iliyo katika mguu wake uliokatwa, utaona vidole vinakunja. Ndiyo hiyo.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili? Kwa sababu katika kiganja na vidole nafasi ni ndogo sana. Pajani kuna nyama nyingi kabla kisu hakijafika pabaya. Kidoleni, upande wa ndani, kano iko chini ya ngozi tu. Neva na mishipa ya damu zinapita pembeni mwake. Jeraha lenye urefu wa punje ya mahindi linaweza kukata kano na neva pamoja. Kwa nje unaona kitu kidogo. Damu imekoma. Linashonwa nyuzi mbili, linaandikwa S61.0, mtu anarudi nyumbani. Jeraha linapona vizuri kabisa. Kumbe kidole hakikunji. Mwenyewe anadhani ni bendeji iliyokaza, anangoja. Siku zinapita. Ndani, kano iliyokatika inajivuta kuelekea kwenye kifundo na kushikwa na kovu. Daktari wa upasuaji angeiunganisha kwa urahisi zaidi katika siku za mwanzo. Baada ya wiki nyingi kazi inakuwa ngumu, na mara nyingine haiwezekani. Mkulima asiyeweza kufumba mkono ashike mpini wa jembe, huyo amepoteza zaidi ya kidole.

Kwa hiyo kabla hujashonwa, jiangalie. Laza mkono wako mezani, kiganja kikiangalia juu, uulegeze. Vidole hujikunja kidogo vyenyewe. Kimoja kikilala kimenyooka peke yake, kuna jambo. Kisha kunja kila kidole taratibu, bila nguvu, mpaka kiungo cha ncha. Halafu fumba macho, mtu akuguse kwa unyoya kila upande wa ncha ya kidole. Je, unahisi? Mwisho bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie. Damu irudi upesi, kama kwenye vidole vingine. Kama lolote halikwenda sawa, mwambie mganga, na useme jambo lenyewe. "Hakikunji." "Sihisi upande huu." Maneno hayo mawili yanafaa kuliko "mshipa umekatika". Akiyasikia atajua kama aandike S66 au S64 pamoja na S61, na kama akupeleke hospitali ya mbele.

NIMEKATWA AU NIMEJIKATA?

Hospitali ikifuata kitabu vizuri, jeraha hupata namba mbili. Ya kwanza inasema umeumia nini. Ya pili inasema nini kimekuumiza. Kisu ni W26. Jembe, shoka au mkasi ni W27. Kioo ni W25. Kuumwa na mbwa ni W54. Baada ya nukta huandikwa mahali: sifuri ni nyumbani, saba ni shambani, tisa ni ile ile tuliyoizoea, haikuelezwa. Mama aliyejikata kidole akimenya mihogo nyumbani atakuwa na S61.0 na W26.0. Aliyejikata kiganja kwa shoka shambani atakuwa na S61.8 na W27.7.

Lakini hizo zote ni za ajali. Aliyekatwa kwa kusudi na mtu mwingine ana namba nyingine kabisa, X99. Aliyejidhuru kwa kusudi ana X78. Sasa sikiliza Kiswahili chetu: "Nimekatwa panga." Je, lilimponyoka mwenyewe akifyeka, au jirani alimkata katika ugomvi wa mpaka? Na "nimejikata" ni ajali au kusudi? Mganga hawezi kujua kwa neno hilo moja. Ni lazima aulize, na ni lazima ajibiwe kweli.

Watu huficha. Wengine wanaogopa polisi, wengine wanaona aibu, na mke aliyekatwa na mumewe anaogopa kurudi nyumbani. Tunaelewa. Hata hivyo mtu aliyekatwa na mwenzake atahitaji fomu ya polisi iitwayo PF3, ambayo daktari hujaza kueleza majeraha. Kama karatasi ya kwanza imesema "kaanguka na kisu", mbele ya hakimu itakuwa kazi kueleza. Hata hivyo damu ikitoka sana kimbilia matibabu kwanza.

Kuna uongo mmoja ambao ni hatari kwa afya yenyewe. Mtu amempiga mwenzake ngumi ya mdomo. Jino limemchana juu ya fundo la kidole. Ni kijeraha kidogo, na mwenyewe anasema, "Nimejikwaruza ukutani." Kinaandikwa mchubuko, S60, kinapakwa dawa. Mdomo wa binadamu una wadudu wengi wa maradhi, na jino hupenya mpaka ndani ya kiungo. Baada ya siku mbili tatu mkono umevimba, una usaha. Angesema kweli, mganga angeuosha kwa kina, asingeufunga kwa nyuzi, na angempa dawa mapema. Ni hivyo hivyo kwa mbwa. Ukiumwa na mbwa ukasema ni msumari, utakosa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda ukaseme ni mbwa.

NAMBA INAKWENDA WAPI?

Katika Tanzania hesabu za wagonjwa huingia katika mpango uitwao MTUHA. Zahanati inaandika vitabuni, wilaya inajumlisha, na kwa hesabu hizo inapangwa mipango ya huduma. Kama watu wengi huumizwa na mashoka wakati wa kufyeka, lakini karatasi zao zote zimeishia na tisa, nani atajua?

Bima nayo husoma namba. Tuseme umeshonwa nyuzi nane, na fomu imeandikwa S60. Mwenye kukagua atauliza: mchubuko unashonwaje? Malipo yanakwama, na hospitali itakutafuta wewe.

Mfanyakazi wa kuajiriwa, kama mkata miwa au mkata mkonge katika shamba kubwa, ana sababu nyingine. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo hulipa fidia kwa aliyeumia kazini. Kidole kilichokatika kabisa ni S68. Kano iliyokatika ni S66. Kama karatasi ya siku ile inasema S61.9 tu, bila mahali wala chombo, utapata taabu kuonyesha kwamba kilema chako kilianzia kazini. Kwa hiyo taja kazi uliyokuwa ukifanya na mahali, hata kama hukuulizwa.

Neno moja zaidi: kidonda. Wengine huita kila jeraha kidonda. Jeraha la leo asubuhi ni jeraha. Kidonda ni kile kilichokaa, kinachooza au kukataa kupona, na kina namba zake mbali. Ukisema una kidonda, eleza kina siku ngapi.

PEPOPUNDA

Siku hizo ni muhimu kwa sababu ya pepopunda. Namba yake kwa mtu mzima ni A35, na tungependa isiandikwe kwenye karatasi yako. Wadudu wake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia kwenye jeraha, na kwa kawaida ugonjwa hutokea baada ya siku 3 hadi 21. Wakati huo jeraha lenyewe huenda limefunga. Taya zinakaza, shingo inakaza, mwili unapinda. Kwa hiyo usipake jeraha samadi, udongo, majivu wala unga wa betri. Osha kwa maji safi na sabuni, gandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na vua pete kabla kidole hakijavimba.

Mganga atakuuliza umechanjwa lini. Akina mama wengi wanajua, maana huchanjwa wakiwa wajawazito. Akina baba wengi hawajui. Mpango wa kuchanja watoto Tanzania ulianza mwaka 1975, kwa hiyo wazee waliozaliwa kabla ya hapo huenda hawakuchanjwa utotoni. Kama hujui, sema hujui. Utachomwa sindano, na tarehe yake uiandike mwenyewe kwenye kadi.

Ukirudi kutolewa nyuzi, mara nyingi baada ya siku 10 hadi 14, nenda na karatasi ile ile. Kama jeraha limetoa usaha, mganga ataongeza namba, T79.3, yaani jeraha limeingiwa na wadudu. Na kama kidole bado kimekaidi, mwambie hivi: "Ni kidole cha shahada, mkono wa kulia. Hakikunji kwenye ncha tangu siku niliyojikata kwa kisu." Atakishika kidole katikati, atakuambia ukunje ncha, na atajionea mwenyewe. Kisha ataichukua kalamu na kuandika S66 chini ya ile S61.0, pamoja na jina la hospitali unayopelekwa.